Mama wa barakoa ya kitenge

Leo nimemkumbatia mama nisiyemjua.

Nilikuwa natoka kwenye usaili wangu wa kwanza wa kazi tangu nimalize shule, nikateremka kwenye stesheni ya chini ya ardhi katikati ya jiji hili la ugenini kusubiri treni ya kurudi nyumbani. Kumepoa siku hizi. Jukwaani tulikuwa wachache, na kila mtu amesimama mbali na mwenzake.

Nikamwona Mama Neema wa kanisani! Ile barakoa ya kitenge, kama alizotushonea.

Kwa sababu ya korona ibada bado tunasali kwa simu, hatujaonana siku nyingi, kwa hiyo nikasahau aibu zangu zote, nikamkimbilia na kumkumbatia.

"Mama Neema!"

"Mwanangu, mimi si Mama Neema."

Kwa Kiswahili! Nilitamani ardhi ipasuke, na tayari nilikuwa chini yake.

Nikataka kujitoa. Hakuniachia.

"Ngoja kwanza. Sijui lini mtu alinikumbatia mara ya mwisho."

Tukasimama hivyo mpaka treni yangu ikaja.

"Haya, nenda. Ukifika nyumbani unijulishe," akasema, kama mama zetu wote. Milango ikafungwa. Namba yake sina, jina pia sina.

Nimefika nyumbani, Guildford. Wazazi bado wako kazini, nyumba kimya.

Kama kuna anayemjua, tafadhali mwambieni nimefika.