Jumatano za Fundi Jacques

Zamani watu wawili wasiokubaliana juu ya Mungu waliweza kunywa chai ya birika moja mpaka ikaisha, siku hizi kila mmoja anatafuta kipaza sauti kikubwa kuliko cha mwenzake.

Nimeyaona yote mawili katika jengo moja hapa katikati ya Johannesburg, jengo la ghorofa sita lililokuwa ofisi za bima. Lifti ilikufa kabla sijafika. Chini wanauza mablanketi kwa jumla, ghorofa ya tatu tuko sisi mafundi cherehani, ya nne ni kanisa la Wakongo. Mimi nashona kanzu na sare za shule. Meza yangu ni ndefu, na kwa miaka kumi na saba alikaa dirishani pake fundi mmoja aitwaye Jacques.

Alizaliwa Likasi, Kongo, baba yake akifanya kazi kwenye kiwanda cha shaba. Kushona alifundishwa na masista. Alikuja huku kwa malori, kupitia Zambia na Zimbabwe, akiwa na mkewe Célestine na mkasi mmoja aliouviringisha kwenye shati kama kichanga. Mteja alimpima mara moja tu, na suruali ikakaa. Alikuwa mpole, mcheshi wa chini chini, na kitu pekee nilichojua anakiogopa ni kuachwa peke yake katika mji huu. Célestine alipofariki, binti yao Murielle akiwa na miaka saba, ni watu wa kanisa la juu waliobeba jeneza, wakapika, wakalala naye sakafuni hadi matanga yakaisha. Baadaye wakamfanya mzee wa kanisa. Hilo msomaji alikumbuke, kwa sababu mimi nililisahau.

Shule yangu iliishia darasa la saba, Tanga. Mengine nimeyapata kwenye vitabu vilivyotupwa barabarani siku duka la vitabu vikuukuu lilipofungwa. Kimoja kilikuwa cha nyota. Nilimsomea Jacques, huku nikitafsiri, kwamba ulimwengu mzima hapo mwanzo ulikuwa mdogo na wa moto mkali, ukatanuka, na joto lile bado linapimika angani mpaka leo, kama joto la pasi iliyokwisha kuchomolewa.

"Na pasi ilichomekwa na nani, Mzee Vuai?" akauliza.

"Hapo kitabu hakisemi."

"Basi wamekuuzia nusu."

"Sikununua. Nilikiokota."

"Ndiyo maana."

Tukacheka, na hapo ndipo Jumatano zilipoanza, maana Jumatano wateja ni wachache. Tatizo letu lilikuwa moja. Yeye Mkristo, mimi Mwislamu, wote tunaamini; nani atabisha? Jacques akatoa kanuni. Wiki hii mmoja atetee kwamba Mungu ndiye aliyeanzisha vyote, mwenzake atetee kwamba vilianza kwa maumbile yenyewe. Wiki ijayo tubadilishane.

"Kwa nini tubadilishane?" nikauliza.

"Ili dhambi tuigawe sawa, Mzee."

Aliyevaa kastabini, kile kikofia cha chuma cha kuzuia sindano, ndiye aliyesema. Mwingine alishona na kunyamaza. Kisha kastabini ikahamia kwake, na lazima ajibu. Kukaa kimya ilikuwa fedheha kubwa kuliko kushindwa.

Sijasikia mazungumzo kama yale tena. Wiki yake ya maumbile, Jacques alionyesha pembe ya chumba. "Tazama pale. Upepo unaingia dirishani, nyuzi zinakwenda na nyuzi, vumbi na vumbi. Nani amezipanga? Hakuna. Upe upepo miaka ya kutosha, utakupangia mengi." Nami nikavaa kastabini nikamjibu kwamba upepo haukulijenga dirisha, wala haukujipa tabia ya kubeba chepesi na kuacha kizito. "Kanuni yenyewe imetoka wapi, Jacques? Mimi naulizia kanuni, si vumbi."

Murielle alikulia chini ya ubishi huo. Baada ya shule alikuja kufanyia kazi zake kwenye pembe ya meza, akila magwinya, maandazi ya huku, mafuta yakimwagikia vitambaa vyangu. Wenzake waliozaliwa huku wanamjibu mzazi kwa Kiingereza au Kizulu. Yeye alikuwa na Kiswahili cha meza yetu, nusu Likasi nusu Tanga. Mimi aliniita Babu, baba yake Papa. Alipofika miaka kumi na mbili alidai zamu.

"Babu, nipe hiyo kofia."

"Wewe uko wapi leo?"

"Niko mahali Papa hayuko."

Jacques alimtazama namna mtu anavyoitazama nguo iliyomkaa mteja vizuri kuliko alivyotarajia.

Akaenda chuo kikuu kusoma fizikia. Mwaka huohuo kanisa lilipata mchungaji mpya, Mchungaji Hénock, kijana mwenye kipaza sauti cha kuning'inia shavuni. Maspika yake yalitikisa dari yetu, chokaa ikawa inadondokea kanzu. Nilimlalamikia Jacques, akasema tu, "Ndiyo watu wangu, Mzee. Nivumilie."

Jumapili moja ya Januari nilikuwa peke yangu mezani, na sare za shule zimenielemea. Juu ilikuwa siku ya vijana. Nikamsikia Hénock akiuliza ni kijana gani atasimama kuwajibu wale wasemao dunia ilijiumba. Makofi. Kisha nikasikia sauti niliyoijua.

"Mimi ni Murielle, mtoto wa mzee Jacques. Nitaanza na upande wao."

Niliondoa mguu kwenye cherehani.

Alisema vizuri, maskini. Alisema tukidai kila kitu lazima kiwe na mwanzilishi, kwa nini tunasimama tukifika kwa Mungu, tusisimame kwenye ulimwengu wenyewe? Alisema mababu walimpa Mungu kila wasichokijua, radi, ndui, kupatwa kwa jua, na kila kilipojulikana walimnyang'anya; je, na mwanzo huu nao tutamnyang'anya kesho? Akamaliza kama tulivyomfundisha.

"Sasa upande wa pili. Papa, ni zamu yako."

Jibu Jacques alikuwa nalo. Jumatano iliyotangulia alikuwa amelisema mbele yangu, kastabini kidoleni: kwamba ulimwengu unachakaa, na kinachochakaa kina siku ya kwanza, na kisichokuwa na siku ya kwanza hakiwezi kuulizwa kilianzishwa na nani. Ilikuwa dakika moja ya kusema. Miaka yote nimeyalaani maspika yale. Siku hiyo nilikaa nimeinua uso darini nikiyaomba yatoe sauti ya mtu mmoja.

Hayakutoa.

Nikapanda ngazi. Kutoka mlangoni nilimwona Murielle amesimama mbele, mkono ameunyoosha kidogo kuelekea viti vya wazee, kiganja juu, kama anayepokezana kitu. Jacques alikaa anavitazama vidole vyake. Watu wote walikuwa wanamtazama yeye, wale waliombeba mkewe.

"Kanisa, mmesikia!" Hénock akasema. "Hivi ndivyo chuo kinavyowafanya watoto wetu. Dada, piga magoti tukuombee. Hii ni roho."

"Si roho, Pasteri. Ni zamu," Murielle akasema. "Papa, waambie."

"Piga magoti, mwanangu," Jacques akasema polepole.

Mikono ikamshika mabegani. Akajitoa, akapita katikati yao, akanipita mlangoni bila kuniona. Na mimi je? Jibu nilikuwa nalo pia. Ningeweza kusema kwamba huu ni mchezo wetu, na mtoto hana kosa. Nilijiambia kwamba mimi ni mgeni katika dini ya watu. Mzee mwenye vitabu mia mbili, nikashuka ngazi kimya.

Murielle akahamia kwa rafiki yake. Jacques aliendelea kuja kazini, akishona majoho ya kwaya, na Jumatano zikapita kama Jumatatu. Siku moja nilishindwa kujizuia.

"Ulinyamaza kwa nini?"

"Ningesema nini, Mzee? Kwamba tunacheza na jina la Mungu kila wiki, na mimi ndiye niliyemfundisha?"

"Ndiyo. Hivyo hivyo."

"Wewe ukifa, Watanga wako watakuja na kukuzika. Mimi nikifa, anakuja nani? Ni wao." Akakata uzi kwa meno. "Usiniulize tena."

Nilimpigia Murielle simu. Akaja Jumatano moja ya Agosti, upepo umejaa vumbi la njano la machimbo, begi lake sakafuni, kwa sababu alikuwa amepata nafasi ya kusoma Cape Town na basi liliondoka jioni. Niliinjika birika. Nikaweka kastabini katikati ya meza, kati yao.

"Anza wewe, Papa," akasema. "Upande wowote. Hata ule wenu wa juu. Mimi nitajibu taratibu."

Jacques aliichukua, akaivaa. Niliona midomo yake ikifunguka. Juu yetu mtu alikuwa akijaribu maspika: moja, mbili, moja, mbili.

"Mimi nimebaki na upande mmoja tu," akasema. Akaivua.

"Basi hakuna zamu."

"Hakuna."

Murielle aliniinamia, akanibusu kichwani, "Babu, baki salama." Jacques akanyanyua begi, na chai nikaiacha kwenye birika.

Nilikwenda dirishani, kwenye kiti chake. Walitokea chini, baba mbele na begi begani, binti hatua nne nyuma, wakipita kati ya mablanketi. Kwenye robot, taa ya barabarani, walisimama mpaka ikawa kijani. Jacques akamkabidhi begi. Murielle akavuka peke yake kuelekea stendi, akageuka mara moja upande ule mwingine wa barabara, na baba yake akainua mkono, lakini teksi ilikuwa imepita katikati yao. Robot ikawa nyekundu, ikawa kijani, naye bado amesimama pale. Hapo ndipo nilipowaona wote wawili pamoja kwa mara ya mwisho.