Michembe Tuliyoipeleka Jinja

Mwanangu alifariki kwa surua kabla hajatimiza miaka miwili. Tulikuwa tunaishi kambini, kwenye mgodi wa dhahabu wa Geita, mume wangu akifanya kazi chini ya ardhi. Kambi nzima ilikuwa inaniita Mama na jina la mtoto. Baada ya msiba wakaliogopa lile jina, na kwa kuwa hawakujua jingine, wakawa wananikoholea kwanza ndipo waseme shida yao. Sikuchukia. Nilipika, nikafagia, nikalala. Mtu akisema kaa hapa, nilikaa.

Rafiki yangu ndiye asiyekuwa na subira na hali ile. Alikuwa Msukuma wa Shinyanga mjini, Mwislamu, mwanamke mwenye sauti kubwa, aliyekaanga maandazi karibu na lango la mgodi. Asubuhi moja alikuja mikono yake ingali na unga.

"Funga nguo zako. Twende Jinja."

"Kuna nini Jinja?"

"Mdogo wangu anaoa. Amepata kazi kwenye lile bwawa wanalojenga, sasa amepata na mke. Siwezi kwenda peke yangu kama mtu asiye na watu."

"Mume wangu je?"

"Nimeshaongea naye. Kasema uende."

Hivyo ndivyo nilivyokwenda Uganda. Sikutaka kwenda, wala sikutaka kubaki.

Rafiki yangu alibeba gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Alikuwa ameiagiza kwao Shinyanga kwa ajili ya bibi harusi. Tangu Geita hadi Mwanza aliikalia kwenye lori, na melini aliiweka kichwani kama mto. Abiria aliyeigusa kwa mguu alisikia maneno. "Huko kwao wana ndizi tu," aliniambia. "Hii watasimuliana miaka."

Tulikaa sitahani, daraja la tatu, pamoja na kuku na magunia. Upepo ulipovuma ziwa liliinuka, naye akatapika mpaka akabaki analia. Nilimshika kichwa. Mimi sikuumwa chochote, na hilo lilimuudhi.

"Hata kichefuchefu huna?"

"Sina."

"Basi jifanye."

Kwenye bandari ya Kampala meli iligoma kuondoka. Walikuwa wanapakia pamba, na pamba haikuisha. Rafiki yangu alimfuata karani, akamweleza kwamba harusi inatungoja. Karani akamjibu kwa adabu kwamba pamba nayo inangojwa. Mvua ikanyesha mchana ule na siku iliyofuata, saa zile zile za alasiri, tukajibanza chini ya turubai, gunia likiwa katikati yetu kama mgonjwa. Nakumbuka nilikuwa nikitazama matone yakianguka kwenye kamba. Sikumbuki nilikuwa nawaza nini.

Jinja hatukukuta mtu wa kutupokea. Tuliuliza njia kwa Kiswahili, watu wakatujibu kwa lugha yao na kutunyooshea mikono pande mbalimbali. Rafiki yangu alidhani wanamdharau, akawa anapandisha sauti kila anapouliza. Mimi ni Mzinza, na nilipotulia nikaanza kusikia kwamba maneno mengi yalikuwa ndugu wa maneno ya nyumbani. Nilimgusa begani.

"Anasema tupite kisimani, halafu kushoto."

"Umejuaje?"

"Nimesikia."

"Na muda wote huo umenyamaza!"

Tulimkuta mdogo wake nje ya nyumba ya wakwe zake, akiranda mbao. Aliacha randa, akasimama.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Harusi lini?"

Alitazama chini. "Tumeshafunga ndoa, dada. Mwezi wa Ramadhani umekaribia, wakwe wakasema tusingoje. Nilidhani hamtakuja tena."

Rafiki yangu akakaa juu ya gunia akalia kwa nguvu, "Mayu! Mayu!" kama Wasukuma wanavyowaita mama zao. Majirani wakatoka kuchungulia. Nilijua kwamba nilipaswa kumhurumia. Nilichohisi ni miguu yangu tu, iliyokuwa imevimba.

Ndipo bibi harusi akatoka ndani. Alikuwa msichana mrefu, kitambaa kichwani. Alipotukaribia akapiga magoti mavumbini. Rafiki yangu aliacha kulia kwa mshtuko.

"Ameanguka! Mwinue!"

Akamshika mkono akamwinua. Msichana akapiga magoti tena. Akamwinua tena. Mumewe akacheka mpaka akajifuta macho: "Dada, mwache, ndivyo wanavyosalimia hapa!" Basi msichana akabaki chini mbele yangu, akingoja nimjibu. Nikapiga magoti pia. Tukawa tunatazamana hivyo, watu wawili wasiojuana, hadi mama yake akatuita ndani.

Tulipozunguka nyumba kwenda jikoni, rafiki yangu alisimama ghafla. Juani, juu ya jamvi kubwa, ilikuwa imeanikwa michembe. Myeupe, iliyokatwa vizuri kuliko yetu.

"Wanayo," alisema polepole.

"Wanayo."

"Tangu Shinyanga, jamani. Tangu Shinyanga!"

Mama wa bibi harusi alipokea gunia kwa mikono miwili, akamimina yetu kwenye jamvi lile lile, akaichanganya. Baada ya hapo hakuna aliyeweza kuitenganisha.

Jioni tulimenya ndizi sisi wawili, yule mama na mimi, kwa kuwa ndiye niliyeweza kusikilizana naye. Ndizi zilifungwa kwenye majani ya mgomba, zikapikwa kwa mvuke. Rafiki yangu alikuwa akiuliza ugali uko wapi. Yule mama akaniuliza kuhusu abaana, watoto, neno lisilotofautiana na letu. Wangapi?

"Mmoja," nilisema. "Amekufa."

Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka neno hilo. Sauti yangu haikubadilika. Yule mama hakusema pole, au labda alisema na sikuelewa. Alinisogezea mkungu mwingine, tukaendelea kumenya.

Tulikaa kwao mpaka meli iliporudi. Njiani rafiki yangu alitapika kidogo kuliko mwanzo, na hadi kufika Mwanza alikuwa ameanza kuisimulia safari kama mambo ya kuchekesha, akipiga magoti sitahani kuwaonyesha abiria.

Nyumbani nilikuta mume wangu amehamishia kitanda chetu ukuta wa pili, mbali na pale mtoto alipokuwa akilala.

"Kwa nini?"

"Paa linavuja pale."

Ilikuwa kiangazi Geita, wala paa halikuwa na tundu.

"Huko kukoje?" aliuliza.

"Wanakula ndizi."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba nimemweleza mengi. Nikawasha moto nikabandika maji ya ugali.