Makopo Matano ya Oili Nyekundu

Hadi leo sielewi vizuri jinsi lile gari lilivyobadilisha gia lenyewe. Zamani zile za Mwingereza nilielewa hata chini ya hapo, na bado nilijiita fundi.

Liliingia gereji yetu ya Kaloleni asubuhi, gari refu la Kimarekani la mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa. Pedali zilikuwa mbili tu. Mimi na mwenzangu, Mmeru wa Akheri niliyefanya naye kazi miaka sita, tuliitafuta klachi mpaka chini ya zulia, wapi. Mwenye gereji, Singasinga mpole hadi kitu kipotee, alitupa chujio jipya, makopo tisa ya oili na kijitabu cha Kiingereza, akatuagiza tubadilishe oili ya giaboksi, kisha akaenda stesheni kuchukua vipuri.

Mimi, Mchaga wa shule ya misheni, ndiye niliyesoma, tena kwa majivuno. Kijitabu kilisema giaboksi hii inachukua makopo tisa.

Tulifungua bolti za sinia la chini ya giaboksi, oili ikashuka kwenye karai. Ilikuwa nyekundu na nyepesi, si ile nzito ya malori tuliyoizoea. Nilitoka uani kuosha sinia kwa mafuta ya taa, mwenzangu akabaki kuchomoa chujio la zamani na kufunga jipya. Niliporudi nikapima oili iliyotoka. Makopo manne. Nikapima tena, manne yale yale. Sakafu ilikuwa kavu. Nilihisi kama nimesahau kuhesabu.

Mwenzangu alikuwa na desturi ya kubeba oili chafu kwenda kwao, apake nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Sote tulijua, na hakuna aliyemkataza. Siku hiyo desturi hiyo ilinijia kichwani vibaya.

Singasinga aliporudi alitazama karai, akatazama kijitabu.

"Nyingine iko wapi?"

Niliogopa. Nikajibu, "Mimi nilikuwa uani, bwana. Aliyebaki na karai ni yeye. Na oili chafu huwa anabeba."

Sikutamka neno mwizi. Mwenzangu alisema, "Iliyotoka ndiyo hiyo," basi. Aliambiwa aende kwao asirudi. Akanawa mikono taratibu, akachukua koti lake.

Nilirudisha sinia, nikaanza kujaza, injini ikiunguruma kama kijitabu kilivyoagiza. Kopo la nne lilipoisha, kijiti cha kupimia kilionyesha imejaa. Nikakifuta, nikapima upya: imejaa. Kwa ukaidi nikamimina la tano, na povu jekundu likanirudia mkononi. Giaboksi yenye njaa ya makopo tisa ilishiba kwa manne! Sikujua nicheke au nilie.

Singasinga alininyang'anya kijitabu, akafungua ukurasa ambao mimi sikuufikia. Palikuwa na picha ya pipa dogo katikati ya injini na giaboksi, lenye bolti yake ya kumwagia oili. Yale makopo matano niliyodhani yamebebwa yalikuwa humo, hayajaguswa. Nilitamani ardhi ipasuke.

"Kamrudishe," alisema.

Jumapili baada ya ibada nilipanda Akheri na jani la isale mkononi, lile ambalo kwetu na kwao humwombea mtu msamaha. Nilimkuta kwenye migomba. Nilimweleza habari ya lile pipa, akasikiliza kama fundi, akauliza hata bolti yake iko upande gani.

"Kwa hiyo ilikuwa mle mle."

"Mle mle. Nisamehe, ndugu yangu. Bwana anakuita kazini."

Alilipokea jani, kwa maana isale haikataliwi. Akaligeuza geuza.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini kile kijitabu ulikuwa nacho asubuhi moja tu. Mimi ulikuwa nami miaka sita."

Gereji hakurudi tena.