Kamuulize Mjomba Wako

Sisi Waluguru tunahesabu ukoo kwa mama. Baba analea, anasomesha, anapendwa, lakini mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mwenye kauli juu yake ni kaka wa mama. Ndiyo maana mama wa kwetu Matombo akiwa na neno gumu la kumwambia mwanawe, halisemi. Humwambia, "Kamuulize mjomba wako." Kila mtu wa nyumbani anajua maana yake. Mama amekwisha kukataa, ila hataki kugombana na mwanawe, kwa hiyo anamtuma kwa mjomba akakatazwe huko. Mjomba anakunja uso na kusema hapana, mtoto anamnunia mjomba wiki nzima, na kwa mama chakula kinaliwa kwa amani. Ni kazi isiyo na shukrani, nami nimeifanya kwa watoto wa dada yangu miaka yote. Mkubwa wao nilimkatalia kuacha chuo cha ufundi, nikamkatalia tena kuoa wakati bado anaazima viatu vya kuendea kanisani.

Mwaka jana alipokuja kuniuliza habari ya mbio za pikipiki, nilisema ndiyo.

Mbio zenyewe ni za kuvumilia, si za kutimuliana vumbi. Waendeshaji wanatoka Morogoro alfajiri, wanapita Chalinze na Korogwe hadi Arusha, wanalazimishwa kulala huko, kesho yake wanazunguka kwa upande wa Babati na Dodoma mpaka Msamvu, hapa hapa Morogoro, kabla jua halijazama. Katika kila mji uliotajwa unasimama, unapiga picha ya pikipiki na kadi yako ya namba mbele ya kibao, unaituma kwenye kundi. Ukikamatwa na trafiki kwa mwendo kasi, umetolewa. Sisi tusioendesha tunafuatilia kwenye simu. Kuna ramani, na juu yake vinukta vyenye namba vinatambaa kama siafu.

Mimi ni fundi wa viti vya pikipiki. Nina kibanda mjini, cherehani na marundo ya sponji, na ugonjwa wa mbio hizi ninao tangu zamani. Nimefuatilia za hapa kwetu, nimefuatilia za majangwani huko kwa watu, mpaka wateja wakawa wananitania kwamba najua upepo wa Arabuni kuliko mvua ya Kihonda. Goti la kushoto lilinikatalia safari ndefu kabla sijafika hata Dodoma kwa pikipiki. Basi nikabaki kushangilia watu nisiowajua. Nilikuwa sijawahi kuwa na mtu wangu kwenye ile ramani, mtu ambaye akianguka nitalia.

Alikuja kibandani jioni moja. Anasambaza vifurushi kwa pikipiki hapa mjini, ana ndevu na anajitegemea, lakini kwetu ndevu hazimwondoi mtu kwa mjomba wake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mbona umesimama kama mposaji?"

Akacheka. "Kuna zile mbio, mjomba. Nafasi ipo, washkaji wameshanishikia. Nimempigia mama, kasema nikuulize wewe."

"Kasema hivyo? Kwa maneno hayo hayo?"

"Hivyo hivyo. Kamuulize mjomba wako."

Nilimsikia dada yangu vizuri kabisa, kama vile amesimama pale mlangoni. Ni mjane, na kijana huyu ndiye tegemeo lake. Nilijua ninachotakiwa kusema. Nikavuta uzi, nikaukata kwa meno, kisha nikasema, "Nenda. Ila kiti nitakushonea mimi."

Alinikumbatia mpaka miwani ikanidondoka. Nilifurahi jamani, siwezi kudanganya, na palepale katika furaha nafsi ikaanza kunisuta.

Kesho yake dada akapiga simu. Yeye ni mdogo wangu, na hajawahi kuniruka kwa salamu.

"Shikamoo, kaka. Mtoto anasema umemruhusu."

"Marahaba. Nimemruhusu. Ni mtu mzima sasa."

Nikasikia kuku wake wanagombania kitu uani.

"Haya, kaka. Wewe ndiye mwenye mtoto."

Angenitukana ningejitetea, maana maneno nilikuwa nimeshayapanga.

Tukaanza maandalizi. Kiti nilikishona nikakifumua, nikakishona tena nikakifumua tena. Sponji ngumu niliiweka chini, laini juu, na katikati nikachonga bonde dogo la kupumzishia mifupa, maana mtu akikaa juu ya pikipiki kutwa nzima kinachomuua kwanza ni makalio. Alfajiri alikuwa anakwenda na kurudi njia ya Kingolwira bila kuweka mguu chini, ajifunze kukaa. Jumapili tulipanda Matombo, yeye mbele na mimi nyuma na goti langu, kwenye yale mawe na makorongo, ili mikono yake izoee kutikiswa. Nilimfundisha kunywa maji yenye chumvi na sukari kidogo kidogo kabla kiu haijaja. Nilijitia kocha hasa. Nilimkaripia kwa cheni kulegea, nikamkaripia kwa kula chipsi.

Tukifika Matombo tunakwenda wapi kama si kwa dada? Alitupokea, akatupikia. Habari ya mbio hakuigusa hata siku moja. Siku moja alichinja kuku, akaniwekea firigisi kwenye sahani yangu, kama anavyowekewa mkubwa wa ukoo. Niliitafuna huku nikiona aibu, na haikushuka vizuri. Tulipoondoka alitufungia mkungu wa ndizi mbivu nyuma ya pikipiki, akamwambia mwanawe ale njiani asife njaa. Mimi akaniaga kwa heshima zote.

Siku ya kwanza ya mbio sikushona hata kiti kimoja. Nilikaa na simu mkononi, nikawa nawasomea wateja. Mtu wetu amepita Korogwe! Mtu wetu yuko Same! Wakaniambia leo nimekuwa mtangazaji wa redio. Jioni akatuma picha kutoka Arusha, uso mweusi kwa moshi wa malori, amenyoosha dole gumba. Nilimtumia dada ile picha. Akajibu, "Asante Mungu." Mimi hakunitaja, na nilijua kwa nini.

Siku ya pili nukta yake ilikwenda vizuri mpaka ikapita Gairo. Halafu ikasimama. Mwanzoni nilijua anakunywa maji. Nikashona kidogo, nikaangalia, iko palepale. Nikapiga simu, haipatikani. Kwenye kundi mmoja akaandika kwamba huko mtandao unasumbua, mwingine akaandika kwamba lori limelala barabarani, mwingine akasema hilo lori ni la jana. Hapo ndipo dada akapiga.

"Kaka, mimi nimeshashuka mlimani, niko njiani nakuja hapo Msamvu kumpokea. Mtoto amefika wapi?"

"Ameshapita Dumila," nikasema. "Anakuja vizuri tu."

Sijui niliutoa wapi ule uongo. Ulitoka laini kabisa, wala sikumeza mate. Nilikata simu, nikaazima pikipiki ya jirani, nikaelekea Dumila. Goti lilipiga kelele njia nzima na mimi nikaona linastahili. Kila nilipoona watu wamekusanyika kando ya barabara nilipunguza mwendo nichungulie. Walikuwa wauza vitunguu, au abiria wa basi walioshuka kuchimba dawa vichakani.

Nilimkuta Dumila pale wanapopanga nyanya. Amekaa juu ya kreti lililopinduliwa, pikipiki iko pembeni, mama mmoja muuza vitunguu amempa maji kwenye kikombe. Cheni ilikuwa imekatika baada ya Gairo. Alisukuma sana kabla hajapata kivuli cha kuifungia, ndipo akajikokota mpaka Dumila, na simu ilizimika huko nyuma kwa sababu waya wa chaji ulichomoka, ndiyo maana nukta ilisimama. Mwili ulikuwa mzima. Nilimshukuru Mungu kimoyomoyo, halafu nikafungua mdomo.

"Picha za Dodoma na Gairo ulishatuma?"

Hilo ndilo swali langu la kwanza. Yule mama wa vitunguu aligeuka akanitazama.

"Nilituma," akasema.

"Basi muda bado tunao."

Alinyanyua uso. Macho yalikuwa mekundu, na mdomo umekauka mpaka umepasuka. "Mjomba, mwili umegoma. Tangu Gairo naona barabara mbili. Niache hapa au nimalizie? Sema wewe."

Nilitazama jua, nikatazama saa. Yeye sikumtazama vya kutosha. Kulikuwa na nafasi ya kumpakia kwenye gari na pikipiki yake, na wenye magari walikuwa wengi, wangekubali. Alikuwa ameniweka kwenye nafasi yangu, ile ile aliyonipa mama yake, na safari hii hapakuwa na wa kumsingizia.

"Malizia," nikasema. "Imebaki kidogo."

Akanawa uso, akavaa helmeti, akapanda. Hakubisha. Mtoto wa kwetu habishani na mjomba.

Nilimfuata kwa nyuma. Kwenye mashamba ya mpunga ya Dakawa pikipiki yake ilianza kuhama, ikaenda polepole kuelekea katikati ya barabara, basi likaja kwa mbele likapiga honi ndefu, naye akashtuka akarudi. Nikaanza kupiga honi yangu kila mara ili asilale. Watu wa barabarani wakadhani tunasindikiza bibi harusi, wakatupungia. Nilimwomba Mungu, nikamwomba msamaha dada yangu kwa sauti ndani ya upepo, nikaahidi kwamba nikimfikisha nitamwambia kila kitu. Ningeweza kumpita nikamsimamisha. Pikipiki niliyokuwa nayo ilikuwa na nguvu ya kutosha. Sikumsimamisha. Na huku naomba hivyo hivyo, macho yangu yalikuwa yanashuka kwenye saa ya mkononi.

Akafika. Jua bado lipo, picha zote zipo, watu wanapiga vigelegele Msamvu. Aliposhuka miguu ilikunjika, wenzake wakamdaka, wote wakacheka na yeye akacheka. Dada yangu alipenya katikati ya watu, amejifunga kanga yake ya kwendea misa, akamshika mwanawe uso kwa mikono miwili.

"Mama," akasema kijana, na sauti imemkauka, "Dumila nilishakata tamaa! Mwili uligoma kabisa, nikakaa chini. Mjomba ndiye aliyenifuata. Nikamwambia siwezi, naona barabara mbili. Akaniambia malizia!"

Alilisema kama sifa. Alininyooshea kidole watu wote wanione, na mmoja wa waandaaji akanipigia makofi.

Dada aligeuka. Nilikuwa nimemwambia kwamba mtoto ameshapita Dumila, na sasa anasikia kwamba wakati ule alikuwa amekaa chini Dumila, na kwamba kuna mtu alimwinua akamrudisha barabarani. Alinitazama kidogo tu. Kisha akachukua ncha ya kanga akawa anamfuta mwanawe masizi, kwenye paji, kwenye mashavu, nyuma ya masikio, taratibu, kama anavyofutwa mtoto mchanga.

"Asante, kaka," akasema.

Ile ahadi niliyomwahidi Mungu pale Dakawa sikuitimiza. Niliona ameshajua, nitasema nini tena? Nilijidanganya hivyo. Baada ya siku chache vijana wakaanza kuja kibandani kutaka kiti kama kile kilichokwenda Arusha, nikawa nashona mpaka vidole vinauma, na kila kiti kilichotoka kilinikumbusha ile barabara. Mpwa wangu bado ananipenda. Ananiambia mwaka huu tunarudi tena, nami najibu tutaona.

Kisha nikasikia habari ya binti wa mwisho wa dada. Alikuwa anasomea uuguzi, na marafiki zake walikuwa wanamvuta aache chuo waende Unguja kufanya kazi hotelini. Nitasema ukweli, nilifurahi kusikia. Nilijua atatumwa kwangu. Nikajiandaa kama sijawahi kujiandaa. Uso nilishaukunja, maneno nilishayapanga, na nilikuwa tayari aninunie mwaka mzima. Nilitaka dada yangu ajue kwamba kaka yake bado anaweza kusema hapana. Kila msichana aliyesimama mlangoni kwangu siku zile, nilidhani ni yeye.

Alikuja kweli, mchana mmoja, macho yamevimba kwa kulia. Alikuwa amebeba begi la shule.

"Shikamoo, mjomba. Nimepita tu kusalimia, narudi chuoni."

"Marahaba. Na Unguja?"

Akaanza kulia upya. "Mama kakataa. Kanikatalia yeye mwenyewe, usoni. Tumegombana, mjomba, sijawahi kugombana na mama vile. Hajala tangu jana, na mimi nimeondoka bila kumuaga."

Nilitafuta kiti nikakaa. "Hakukwambia uje kwangu kwanza?"

"Mimi ndiye nilimwambia, basi nikamuulize mjomba," akasema, huku anajifuta kwa mkono. "Akaniuliza, mjomba yupi?"

Dada yangu hana kaka mwingine.