Bakuli la Mlenda Kabatini

Wiki iliyopita nilipita mtaa niliokulia, hapa hapa Dodoma mjini, nikakuta kota yetu imevunjwa na ghorofa linapanda. Nilisimamisha gari nikakaa tu, nacheka peke yangu.

Unajua, sisi tulikuwa watu wa kawaida kwenye mtaa wa wakubwa. Baba karani wa serikali, mama mwalimu, na ile kota tuliipata kwa bahati. Majirani walikuwa na mageti ya chuma na walinzi. Sisi uzio wa michongoma. Kwa nje usingetujua: sare zimenyooshwa, vitambaa vyeupe kwenye makochi, soda za wageni kwenye friji ambazo kuzigusa ilikuwa kesi. Kumbe kilichotufikisha mwisho wa mwezi ni gunia la uwele la bibi kutoka Mlali. Likizo wenzetu walikwenda Zanzibar. Sisi tulikwenda kwa bibi kupura uwele, na shuleni tukasema tulisafiri.

Mchana tulikula ugali wa uwele na mlenda wa karanga, ile mboga ya Kigogo inayoteleza. Jamani, mlenda ule! Ila mama, Mgogo wa kuzaliwa, aliuonea aibu. Mgeni akibisha hodi, bakuli lilitakiwa lipotee.

Jumamosi moja akabisha hodi mke wa bosi wa baba, jirani yetu wa nyuma. Nikalibeba bakuli mbio, na kwa kiwewe nikalisukumiza kwenye kabati la nguo. Nikarudi, nikamwamkia shikamoo.

"Karibu, tumemaliza sasa hivi," mama akasema. "Tulipika wali."

"Wali gani, Mama Mwalimu? Mimi mtu wa Gulwe, Mgogo kama wewe. Mlenda nimeunusa tangu uani kwangu. Mzee wangu hataki upikwe kwetu, eti wageni watatuonaje. Nina mwaka mzima sijauonja."

Nilidhani mama atalia. Kisha akanigeukia: "Kalete."

Bakuli lilikuwa limelala ubavu, na nusu ya mlenda inavutika juu ya suti ya baba, suti yenyewe moja. Nikavileta vyote viwili jikoni. Yule mama alicheka mpaka akakaa chini, sakafuni jikoni. Mama akakaa naye, wakaimaliza nusu iliyobaki. Tangu siku hiyo kila Jumamosi jirani alipenya kwenye michongoma, kanga kiunoni, na mama hakuficha tena kitu. Sijawahi kumwona akicheka vile na mtu mwingine.

Sasa na mimi nimepanga mtaa wa bei. Kodi inameza mshahara, na mlenda naupika nimefunga madirisha; woga wa mama nimeurithi wote. Nampenda zaidi kwa kuujua woga huo. Lakini yeye alibishiwa hodi. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa, na jirani yangu simjui hata kwa sura.