Neno Lililofumuliwa

Mkoba wa yule aliyenilea ulikuwa na harufu ya jinzi mpya na mafuta ya cherehani. Mpaka leo nikipita duka lenye suruali zilizopangwa kwenye rafu, harufu hiyo hunirudisha Mwiki, kwenye chumba cha mabati tulichokuwa tukiishi. Alishona katika kiwanda kimoja cha nguo huko Ruiru. Kazi yake ilikuwa mifuko ya nyuma ya suruali, hiyo tu, tangu asubuhi hadi jua lizame, wala hakuwahi kuona suruali nzima ikitoka mikononi mwake. Kila Jumamosi msimamizi aliwaruhusu wafanyakazi kubeba mabaki ya vitambaa, wakapekuliwa langoni kama wezi, naye akafika nyumbani na kuutupa mkoba kitandani. Kisha akaketi kando yake, akatazama ukuta, akasahau hata kuvua viatu.

Nilipelekwa kwake nikiwa darasa la tatu, baada ya kumzika mama yangu kwetu Bungoma. Mama yangu alikuwa dada yake. Kwetu, dada ya mama ni mama pia, hana jina lingine, na kila mtu alitarajia nimwite hivyo. Sikuweza. Nilikuwa na mama mmoja na nilikuwa nimemwona akifukiwa. Kwa hiyo sikumwita chochote. Nikitaka kitu nilikwenda kusimama mbele yake, nikangoja mpaka ainue macho. Wanawe, Eliza na Jotham, walinicheka sana, wakasema nasimama kama ng'ombe aliyefika nyumbani akakuta boma limefungwa.

Tulilala watoto watatu chini ya blanketi moja, na kila asubuhi kulikuwa na kesi ya nani alimfunua nani. Kesi hizo zilikuwa zimemchosha tangu kabla sijafika, ndiyo maana alikuwa ameshaanza kushona blanketi la viraka lenye maneno. Jina la kila mtoto lingekaa upande wake, na mtu asivute kupita jina lake. Juu kabisa, kwa herufi nene, aliandika MAMA, kwa sababu siku za baridi kali naye alikuja kujibanza kwetu. Hakuchora kitu. Alikata kwa macho, akaunganisha kipande na kipande mpaka herufi ikajitokeza. E ya Eliza ilikuwa na meno ya jinzi na mgongo wa kitambaa cha sare ya shule. O ya Jotham ilitoka ya mraba kama dirisha, maana vipande vilivyonyooka havikubali kupinda. M moja ilikuwa nono na nyingine imekonda.

"Kule kazini wananipimia kila kitu," alituambia. "Hapa wacheni mkasi uende unakotaka."

Kazi yangu ilikuwa kuchambua mabaki, mazito huku, mepesi kule. Nilichambua huku nikitafuta nafasi. Viraka vilikuwa vimejaa, ukingo umeshaanza kushonwa, na sikuona pa kuwekwa mtu mwingine. Nilianza kuficha chini ya godoro vipande nilivyovipenda, hasa kimoja chenye maua ya zambarau, ingawa sikuthubutu kusema ni vya nini. Niliogopa. Nilijua kwa akili yangu ya kitoto kwamba mtu ambaye jina lake halimo kwenye blanketi anaweza kurudishwa alikotoka wakati wowote, na kule kwetu nyumba ilikuwa imefungwa kwa kufuli.

Jirani yetu wa mlango wa pili, Mama Njeri, alisimama kizingitini siku moja akitikisa kichwa.

"Ai, Mama Eliza, si ununue tu blanketi ya mtumba? Hii kitu itakumaliza."

"Nilishaisha kitambo," akajibu bila kuinua kichwa.

"Na huyu wa dada yako, utamweka wapi?"

Akazungusha gurudumu la cherehani yake ya mkono, akaendelea kushona. Nilichukua mtungi nikaenda bombani, ingawa maji yalikuwepo.

Baadaye kukawa na ovataimu kiwandani, kazi hadi usiku, na blanketi likakaa limekunjwa juu ya sanduku kwa wiki nyingi. Halafu Jumapili moja tulirudi kutoka kanisani tukamkuta mlangoni penye mwanga, wembe mkononi, nyuzi zimemjaa mapajani. Alikuwa anafumua neno MAMA.

"Mama, mbona unaliharibu?" Eliza alilia.

"Siharibu. Kwani mimi nitasahau ninaitwa nani?" Akanigeukia. "Wewe, lete vile vitambaa ulivyoficha chini ya godoro."

Jina langu ni Nasimiyu, na halikutoshea hata kidogo. S ilimtoa jasho, ikatoka na kona tupu. U ilikosa nafasi ikapanda juu ya ukingo, na huko iko hadi leo. Alishona mchana wote huo, siku yake pekee ya kupumzika, mpaka gurudumu la cherehani likasimama chini ya mkono wake. Alikuwa amesinzia ameketi, kichwa kimeegemea mashine. Nilikwenda nikasimama mbele yake kama kawaida yangu. Nikangoja, lakini macho yake yalikuwa yamefumba.

"Mama," nikasema. "Mama, nenda ulale."

Siku hizi naishi Murera na kupika katika shule moja ya bweni huko Thika. Pale tulipokuwa tukiishi pana gorofa. Wanangu wana mablanketi yao laini ya dukani, kila mmoja lake, na hawajui kugombana kwa sababu ya baridi. Mama anaishi nami, na blanketi lile liko kitandani kwake. Miaka mingi nimeahidi kulirudisha neno lake mahali fulani, hata nyuma. Kitambaa ninacho. Nguvu ndiyo sina. Nikirudi kutoka kazini mikono inaniuma kwa mwiko.

Juzi nilijikaza, nikaketi kando yake na mkasi, nikakata mguu wa kwanza wa M, nikabaki nimeutazama ukuta.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nataka kurudisha neno lako, Mama."

"Wacha, Nasimiyu. Si ndilo hilo unaniita?"

Akauchukua mkasi, akauweka kando. Kisha akainama polepole, kwa yale magoti yake mabovu, akaanza kunivua viatu.