Mfalme Aliyekunywa Bila Kuonjewa

Dada yangu Clotilda hajawahi kukaa kwenye kiti cha hakimu, lakini kijijini kwetu anaogopwa kuliko mahakama ya mwanzo. Anahukumu pombe. Ukipika rubisi, ile pombe yetu ya ndizi na mtama, kwa ajili ya harusi au ya kumaliza matanga, unampelekea kibuyu kimoja kabla wageni hawajafika. Anavuta mrija mara mbili, anafumba macho, anatoa hukumu. Akisema ina haraka, yaani umeitoa kabla haijaiva, basi hata wale wanaolala barabarani kwa ulevi wataibetulia midomo. Mama mmoja wa kitongoji cha bondeni alimwaga mtungi mzima kwa neno lake moja, na mpaka leo wakikutana kanisani wanapeana amani kwa ncha za vidole.

Mimi ni Telesfori, mdogo wake wa kumfuata. Nisingekuwa na ugomvi na hukumu zake kama zingeishia kwenye pombe. Bahati mbaya, mwaka 1998 nilifungua banda la video, la kwanza kijijini, mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka kambi ya wakimbizi ya Lukole, huku kwetu Ngara mpakani. Lilikuwa banda la miti na bati, na kuta za turubai la bluu ambalo sitasema nililipata wapi. Televisheni ilikuwa ya inchi kumi na nne, deki ya mtumba, na jenereta ilinguruma nje kiasi kwamba picha zote, hata za mapenzi, zilionekana kama zinafanyika jirani na mashine ya kusaga. Kanda aliniletea dereva mmoja wa malori aliyekuwa akilala Nyakanazi. Tulionyesha Jumapili mchana, watu wakishatoka misa.

Clotilda alikuja siku ya kwanza na kigoda chake, akakiweka mbele ya mabenchi yote, na tangu siku hiyo sikuwa na raha. Kwenye picha ya ngumi alisema mtu aliyepigwa teke namna ile anaamkia zahanati, haamki hapohapo na kurudisha. Kwenye picha ya mapenzi alisema yule dada halii, kwa sababu amelia robo saa na kamasi halijatoka hata kidogo. Alikuwa anasema kweli, na hilo ndilo lililoniuma. Akishatoa hukumu, nusu ya watu wanatoka nje kuota jua, wanapiga domo mpaka picha yangu inaisha.

Aliyeokoa banda langu ni Nkeshimana. Huyu alikuwa kijana wa Kirundi wa kule Lukole, mrefu, mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na kazi yake kwangu ilikuwa kusimama pembeni ya televisheni na kijiti, akituambia kwa Kiswahili wazungu wanasema nini. Alisoma kwao sekondari, kwa Kifaransa. Kiingereza alikijua kama kuku wangu anavyokijua. Lakini maneno aliyowawekea wale wazungu mdomoni yalikuwa matamu kuliko yao, na sijaona mtu aliyelalamika.

Sasa, Nkeshimana alikuwa anampenda Deodata, kitinda mimba wa Clotilda, na Deodata alikuwa anampenda yeye. Mimi kama mjomba nilijua mapema, maana binti hana habari na picha za vita lakini hakosi hata moja. Clotilda alipojua, alimwita Nkeshimana mbele yangu akamwambia kwamba mtoto wake hampeleki kwenye hema, na neno hilo asimrudie nalo tena. Mavuno yakiisha, Deodata angekwenda Biharamulo kwa shangazi yake, ambako kulikuwa na mgane mmoja mwenye duka na meno ya mbele mawili ya dhahabu, na mambo yote yalikuwa yameshapangwa.

Sitamsingizia dada yangu kwamba alikuwa na roho mbaya. Wakimbizi walipomiminika mwaka 1994, mikaratusi aliyoipanda marehemu mume wake iliisha kwa kuni katika wiki mbili. Alibaki na visiki, na kila asubuhi akifungua mlango anavikuta vimemkalia mbele. Halafu kulikuwa na maneno ya mtaani kwamba watu wa kambini wanajua sumu. Aliyeyashikilia sana ni Ansbert, mdogo wa marehemu, ambaye hata maji ya kunawa ya mkimbizi aliyaogopa. Mimi sikuyaamini, hasa nikiwa nimeshiba.

Basi mwezi wa sita mwaka 1999 yule dereva akaniletea kanda mbili za picha moja, saa tatu nzima. Jalada lilishapotea, kwa hiyo jina lake hatukulijua. Aliniambia tu ni habari za mfalme wa zamani sana, kabla ya Yesu, aliyeanza kuteka nchi za watu akiwa kijana na hakuacha mpaka dunia ikamwishia. Tukamwita Mteka Dunia. Kabla hatujaanza, Nkeshimana alininong'oneza kwamba leo atazungumza na Mama Clotilda. Nilimwambia azungumze na televisheni.

Hakunisikia. Mfalme alitokea juu ya farasi mweupe mbele ya askari wake, akapunga upanga, akapiga kelele, na Nkeshimana akatutafsiria: askari wangu, nimeshateka nchi saba, lakini kuna binti mmoja ambaye mama yake ni mkali, na huyo ndiye nchi ya nane, na kwa huyo sina jeshi. Vijana wakapiga miluzi. Deodata akaanza kuchunguza kucha zake. Clotilda aligeuka taratibu kwenye kigoda.

"Mbona mfalme amefunga mdomo na maneno bado yanatoka?"

"Hayo ni mawazo yake, Mama," Nkeshimana akajibu, na banda zima likaangua kicheko.

Nilijua tumekwisha. Dada yangu akichekwa, hukumu haichelewi. Aliinamia ile televisheni kama anayechambua maharage, na haikupita muda akapata alichokitafuta. Jeshi la mfalme lilikuwa linavuka jangwa, watu kwa maelfu, safu haina mwisho, mikuki inameta. Mwenye picha hakika alijivunia pale kuliko mahali pengine popote. Clotilda akanyoosha kidole akauliza vyungu viko wapi. Nikamwambia dada, hao ni askari. Akasema askari nao wana matumbo. Alisema yeye alisimama kando ya barabara mwaka ule wakimbizi walipovuka daraja la Rusumo, na watu wengi namna ile wakitembea, kwanza huwaoni wao, unaona mizigo: mikeka, madumu, magodoro, hadi mlango wa nyumba mtu kaubeba kichwani. Hawa wa kwenye picha wamebeba nini? Wanapikia wapi? Nani kabeba mtoto? Hawa, akasema, wameshushwa na lori nyuma ya kile kilima.

Watu wakaanza kuinuka. Nikamkonyeza Nkeshimana aseme lolote, amwimbishe mfalme kama ikibidi. Yeye alikuwa ameshusha kijiti.

"Mama anasema kweli," alisema, na safari hii hakuwa anatafsiri. "Sisi tulitembea siku tisa. Mama yangu alibeba chungu kichwani mpaka alipoanguka, hakuinuka. Nikakichukua mimi. Ninacho mpaka leo."

Jeshi liliendelea kupita na hakuna aliyelitazama. Waliokuwa wameinuka walirudi wakakaa. Clotilda alivuta kitenge chake begani, akamwambia Nkeshimana aendelee na kazi, lakini alimwambia kwa sauti ya chini ambayo kwa kawaida huwa anaitumia kwa wagonjwa. Nami niliona haya, kwa sababu kijana yule alinifanyia kazi mwaka mzima na sikuwahi kumuuliza habari za mama yake.

Kanda ya pili ilikuwa na karamu. Mfalme ameshateka kila kitu, amelala kwenye mito, amenenepa kidogo, na jemadari mmoja mwenye ndevu za kuchongwa akampelekea kikombe cha dhahabu. Mfalme akakipokea akakimaliza. Clotilda akapiga paja.

"Huyu anakufa," alisema.

Hapo vijana walimcheka waziwazi. Kila aliyewahi kuingia kwenye banda la video anajua kwamba steringi hafi. Hufa adui, hufa rafiki yake steringi, lakini yeye mwenyewe hafi. Clotilda hakujali. Kwetu, kama ilivyo kwa Warundi ng'ambo ya mpaka, anayekupa pombe anaonja kwanza mbele ya macho yako, ndipo anakukabidhi. Tunaita kuondoa sumu. Mke anamwonjea mume, jirani anamwonjea jirani, na hakuna anayeona kwamba ametukanwa. Sasa mtu ameua baba za watu kuanzia kwao mpaka mwisho wa dunia, Clotilda akauliza, halafu anapokea kikombe namna ile kama mtoto anayepewa uji? Ama si mfalme, ama leo ni siku yake ya mwisho.

Haikupita robo saa mfalme yuko kitandani, anatokwa jasho, majemadari wamemzunguka wakilia bila kamasi. Wale vijana waliomcheka walivua kofia kama waliofika kwenye ibada ya Ijumaa Kuu. Nkeshimana akajaribu kutuambia ni malaria. Clotilda akamwangalia tu. Basi mfalme akafumbua macho, akasogeza midomo kwa mara ya mwisho, na Nkeshimana akatutafsiria maneno yake ya kufia: kuna mama mmoja wa Ngara alinionya nisinywe kabla aliyenipa hajaonja, nami kwa kiburi changu sikumsikia.

Watu walicheka mpaka benchi moja likavunjika. Clotilda alisimama, akachukua kigoda chake, akatoa hukumu akiwa mlangoni. Picha ni ya uongo, alisema, na mtafsiri ni mwongo kuliko picha, ila ni mwongo mwenye adabu. Nkeshimana aliniomba niyarudie maneno hayo mara tatu, tena kwa utaratibu, nikayarudia.

Jumapili mbili baadaye Nkeshimana alikuja kubisha hodi kwa dada yangu, kuposa. Aliongozana na Mzee Ciza, jirani yake wa kambini, ndiye mtu mzima pekee aliyekuwa naye wa kumsemea. Nkeshimana alikuwa amemlimia mtu shamba siku nne akalipwa mikungu ya ndizi, akaivundika, akaikamua, akaipika pombe mwenyewe. Upande wetu tulikuwa mimi, Ansbert na Clotilda, na Deodata alikuwa jikoni anaosha sufuria moja kwa saa nzima. Ansbert alikuwa ameshamwambia shemeji yake njia nzima kutoka kanisani kwamba cha mtu wa kambini hakinywewi, hata wakionja wao wenyewe, kwa sababu wana dawa ya kujikinga. Mimi sikujua Clotilda anawaza nini. Nilichojua ni kwamba akikisukuma chombo cha pombe pembeni, Deodata ataondoka na basi la Biharamulo, na Nkeshimana hatakanyaga tena banda langu.

Tukasalimiana. Nkeshimana alitoa shikamoo kwa kila mtu, hata kwangu, ambaye siku za kazi aliniita mjomba tu. Akakaa kwenye ukingo wa kiti kama mtu anayesubiri sindano, na ile sauti ya kuongoza kwaya ilikuwa imemkimbia yote. Mzee Ciza akafungua jani la mgomba lililofunika pombe. Haikuwa kwenye kibuyu. Ilikuwa kwenye chungu kidogo, cheusi kwa moshi, kimemeguka upande mmoja wa mdomo. Akatumbukiza mrija, akainama ili aonje kama inavyotakiwa.

Clotilda aliweka mkono juu ya chungu.

Ansbert akashusha pumzi kwa furaha. Nkeshimana aliangalia chini. Clotilda alikigeuza chungu taratibu mpaka pale kilipomeguka pakamfikia, akapapasa kwa kidole gumba, akamuuliza Nkeshimana kama ndicho kile. Nkeshimana akaitikia kwa kichwa. Basi dada yangu akauchukua mrija kutoka mkononi mwa Mzee Ciza, akavuta kabla ya mtu yeyote, na akavuta sana. Ansbert alikuwa ameshasimama, kofia mkononi.

"Kaa chini, shemeji," Clotilda alimwambia. "Hiki mama yake alishaonja."

Huko jikoni sufuria ilianguka. Nkeshimana alifunika uso kwa viganja vyake viwili na hakuviondoa kwa muda mrefu, na Mzee Ciza akawa anampapasa mgongoni, akimsemesha Kirundi polepole. Mimi mwenyewe nilikohoa, maana moshi wa jenereta uliniharibu kifua miaka ile. Clotilda alikuwa ameshafumba macho. Alipoyafumbua alisema mtama umezidi, na kwamba siku ya harusi atapika yeye.

Nakiri kwamba sikunywa mara moja. Nilikaa kama nusu ya rozari nikimchunguza dada yangu usoni, nione kama anatokwa jasho. Alinikamata namtazama, akanisukumia chungu, akaniambia filamu zimeniharibu akili. Nikainama nikavuta. Mtama ulikuwa umezidi kweli.